Shira ya Kahawa: Jinsi ya Kuipika Nyumbani

Msomaji mpenzi, je, umewahi kutia vijiko vitatu vya sukari katika glasi ya kahawa baridi, ukakoroga hata mkono ukachoka, kisha ukaionja na kuikuta chungu kama shubiri? Ukifika mwisho wa glasi ndipo unapoikuta sukari yote imelala chini kama mchanga wa pwani. Basi jambo hilo dogo ndilo lililotaka kukifunga kibanda cha mama yangu, na ndilo lililonifanya nijifunze kupika shira.

Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale. Mama huuza kahawa tungu na kaimati tangu magharibi hadi saa nne za usiku. Dele lake limekaa juu ya makaa tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na karo yangu ya shule hutoka ndani ya dele hilo. Wateja wake wa zamani ni wazee. Wao hawana taabu. Hunywa kahawa yao moto, bila sukari, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, huku wakitafuna tende au kipande cha halua, na mazungumzo yao hayaishi mpaka makaa yafe. Lakini wazee hupungua mwaka hata mwaka, msomaji, na vijana wana mambo yao. Likizo moja ya Desemba, joto la Mombasa likiwa limepamba moto, vijana walianza kumwuliza mama kahawa baridi, yenye maziwa, barafu na ladha, kama ile ya mikahawa ya mjini. Mama si mtu wa kukataa biashara. Akanunua glasi dazeni moja na barafu ya duka la jirani, akaanza.

Siku ya tatu kijana mmoja akairudisha glasi yake ikiwa nusu. "Mama, hii umetia sukari ama umeninyima?" Mama akamwonyesha sukari iliyotuama chini. Kijana akacheka, akalipa, akaenda zake. Hakurudi tena, wala wenzake watatu aliokuja nao hawakurudi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ameketi kando akidondosha kaimati katika mafuta. Akaniuliza bila hata kuinua uso:

"We mjukuu wangu, kaimati wazitia sukari ya mchanga?"

"La, bibi, twazitia shira."

"Basi hiyo kahawa imewakosea nini?"

Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia. Lakini kwanza niseme neno moja kuhusu jina, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na wenzangu darasani walinicheka. Wao waliiita "sirapu", wakadhani Kiswahili hakina jina la kitu hiki. La hasha! Jina tunalo, tena la miaka mingi: shira, ambalo lina asili ya Kiajemi. Hata hiyo "sirapu" ya Waingereza ilitoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya kinywaji, na shina lilo hilo ndilo lililotupa sisi "sharubati". Kwa hiyo anayesema sirapu amekwenda kukopa Ulaya kitu ambacho jirani yake wa Uarabuni alikuwa nacho zamani.

Sasa turudi jikoni. Shira si kitu cha ajabu. Ni sukari na maji yaliyopashwa moto hata yakawa kitu kimoja. Maji ya moto hubeba sukari nyingi kuliko maji baridi, na huibeba upesi. Nusu lita ya maji ya joto la kawaida huweza kuyeyusha sukari kiasi cha kilo moja, nayo ni baada ya kukoroga kwa muda mrefu. Maji yayo hayo yakichemka hubeba zaidi ya kilo mbili. Katika kahawa yenye barafu sukari huyeyuka polepole mno, na mteja hana saa nzima ya kukungoja. Ukishaiyeyusha mapema nyumbani, huna kazi tena ila kumimina. Na kwa kuwa unapasha maji moto, unapata nafasi ya kuyafundisha ladha: tangawizi, iliki, mdalasini, chochote ukipendacho.

Kipimo ndicho kilichonishinda mwanzo. Nilisoma kwenye simu ya binamu yangu kwamba shira hupikwa kikombe kwa kikombe, yaani sukari sawa na maji. Nikapika hivyo, nikaimimina katika chupa mbili za soda za plastiki na kuziweka chini ya meza ya mama, karibu na jiko. Siku mbili tatu ilikuwa nzuri ajabu. Siku ya tano tukasikia mlio kama wa fataki. Kifuniko cha chupa moja kilikuwa kimeruka hadi kwa muuza mihogo. Shira ilikuwa ikitoa povu na kunuka kama tembo la mnazi lililolala. Mama akaimwaga yote kwenye mtaro bila kusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Kilichotokea ni hiki. Hamira si ile ya dukani tu. Iko hewani, iko kwenye maganda ya tangawizi, iko kwenye chupa isiyooshwa vyema. Ikiingia katika shira nyepesi hujilia sukari na kutoa gesi na kileo. Shira nyepesi ya sawa kwa sawa ni nzuri sana kama una friji na utaimaliza katika muda wa wiki tatu au nne. Sisi hatuna friji. Dawa yake ni kuzidisha sukari: sehemu mbili za sukari kwa sehemu moja ya maji, ukipima kwa uzito. Sukari ikiwa nyingi hivyo huvuta maji kutoka katika vile viini hata vikashindwa kuzaana. Ni jambo lile lile la samaki wa chumvi. Kwa nini papa aliyetiwa chumvi akaanikwa haozi, na papa mbichi huoza kesho yake? Chumvi imemnyang'anya maji. Sukari nayo ina tabia hiyo, ila sisi tumezoea kuiona kama kitu cha utamu tu.

Basi kipimo changu cha leo ni kilo moja ya sukari na nusu lita ya maji. Hutoka shira zaidi kidogo ya lita moja. Chukua na tangawizi ya kiasi cha gramu mia moja, ambayo ni kama vidole gumba vitatu vinene. Iliki kumi na mbili. Kijiti kimoja cha mdalasini. Na ndimu moja. Sufuria iwe nzito na kubwa, shira isifike nusu yake, kwa sababu ikichemka huumuka. Chupa ziwe za glasi. Zioshe, kisha zichemshe katika maji kwa dakika kumi pamoja na vifuniko vyake kama ni vya chuma.

Anza na tangawizi. Iparure ngozi, ikate vipande vyembamba, uitie katika maji kama robo tatu lita. Nimesema robo tatu wala si nusu, kwa kuwa mengine yatapotea kwa mvuke. Funika, acha ichemke polepole kwa dakika ishirini. Chuja, kisha upime tena: unataka maji ya tangawizi nusu lita kamili. Yakipungua, ongeza maji; yakizidi, rudisha motoni yapungue. Wengi huiruka hatua hii ya kupima mara ya pili, halafu hulalamika kwamba leo shira imekuwa nzito na jana ilikuwa nyepesi, ati sukari ya siku hizi mbaya. Sukari haina kosa.

Rudisha maji yale motoni, mimina sukari, koroga mpaka usione chembe hata moja. Hapa sasa sikiliza vizuri. Shira ikishaanza kuchemka, usikoroge tena. Sukari inayorukia kwenye kuta za sufuria hukauka ikawa chembe, na ukiikoroga chembe hizo hurudi ndani na kuwaita wenzao. Chukua kitambaa safi kilicholoa maji, ukifunge kwenye ncha ya mwiko, ufute kuta taratibu. Kamulia nusu kijiko kidogo cha maji ya ndimu. Sababu yake nitaieleza mbele. Acha ichemke dakika tatu hadi tano, si zaidi. Ipime kwa kijiko: ikidondoka kama mafuta ya kupikia, i tayari. Ikivutika kama uzi, hiyo imekuwa ya kaimati, ongeza vijiko viwili vikubwa vya maji ya moto. Usidanganyike kwa kuiona nyepesi motoni, kwani ikipoa huwa nzito.

Wala usiwaruhusu watoto wadogo karibu. Shira ya kipimo hiki huchemka kwa joto la nyuzi 104 hivi, kupita maji matupu, na ubaya wake ni kwamba hunata. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka yakaenda. Shira hukaa hapo hapo ikiendelea kuchoma. Mimi nina kovu la ukubwa wa sarafu kwenye kifundo cha mkono. Ukiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini, na uachane na dawa ya meno na siagi ambazo kila jirani atakukimbilia nazo.

Ukishaipua, ndipo utie iliki na mdalasini. Iliki uiponde kidogo tu kwenye kinu, ganda lipasuke na punje zitoke. Usiisage unga, la sivyo shira itakuwa na vumbi jeusi lisilochujika. Kwa nini tunangoja mpaka moto uondoke? Harufu ya iliki imo katika mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Ukiichemsha nusu saa, nyumba nzima na jirani zako wa kushoto na kulia watanusia iliki, nawe kwenye glasi hutapata kitu. Funika sufuria vizuri uiache nusu saa. Mdalasini ni mvumilivu zaidi, waweza hata kuutia mapema pamoja na tangawizi. Karafuu, ukiitaka, zisizidi mbili. Bibi husema karafuu ni mgeni ambaye akikaribishwa sebuleni huhamia chumbani.

Chuja kwa kitambaa safi, irudishe motoni ichemke kidogo tu, kisha uimimine ingali moto katika chupa zilizo moto pia. Chupa baridi ya glasi hupasuka. Funga, andika tarehe. Kwetu, bila friji, tunapika ya wiki moja tu na kuiweka mahali penye kivuli; mwenye friji ataila mwezi mzima na zaidi. Ukiona povu, ukungu au harufu ya uchachu, mwaga. Usiichemshe upya ukidhani utaiokoa.

Kwa wiki mbili mambo yakawa mazuri. Vijana walirudi. Mama alinunua glasi nyingine. Na hapo, msomaji, ndipo nilipojiona fundi.

Wateja wengine walisema wanataka tangawizi iwashe zaidi. Mimi nikafikiri: ikipikwa hupungua ukali, basi nitaitia mbichi. Nikaiparuza tangawizi, nikaikamua, nikapata nusu kikombe cha maji yake makali, nikayachanganya katika shira iliyokwisha kupoa. Nikaijaribu kwenye kahawa nyeusi ya barafu. Wallahi iliwasha koo vizuri! Wateja wakaisifu siku nne mfululizo. Wakati huo mama akaletewa kazi na familia moja ya mtaa wa pili: kahawa ya maziwa ya wageni themanini, usiku wa kupamba bibi arusi. Walitoa arubuni ya shilingi elfu nne, na mama akaitumia papo hapo kununua sukari, kahawa na maziwa. Faida yake ilikuwa imepangiwa kazi tayari, kwa kuwa Januari ilikuwa mlangoni na karo ya muhula wa kwanza ndiyo kubwa kuliko zote.

Usiku ule tulibandika masufuria mawili ya maziwa. Nikaliipua la kwanza, nikaliacha lipoe kidogo ili wageni wasiungue midomo, kisha nikamimina shira yangu mpya na kufunika. Nilipofunua baada ya dakika chache, sikuamini macho yangu. Maziwa yalikuwa yameganda mabonge mabonge, na maji ya kijani kibichi yakielea juu. Nikakoroga, yakazidi kukatika. Ndani wanawake wanaimba na kupiga vigelegele, nje mimi nimesimama na sufuria la lita nane lisilonyweka. Nilidhani muuza maziwa ametuuzia yaliyolala. Mama naye alidhani hivyo, akaanza kumpigia simu kwa hasira.

Bibi akaja, akachovya kidole katika shira, akaonja.

"Hii tangawizi mbichi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwanangu, nani alikufundisha kuyatia maziwa tangawizi mbichi? Tangawizi na maziwa hazipatani mpaka moto uzisuluhishe."

Alituamuru tuichemshe upya shira yote iliyosalia, bila kifuniko, kwa dakika kumi na tano. Sufuria la pili la maziwa lilikuwa zima bado. Mama akatoa pesa katika kile kitambaa alichofunga karo yangu, akamtuma ndugu yangu mbio akanunue lita nyingine nane. Kahawa ilichelewa saa moja. Bibi mmoja mwenye shughuli alitusema maneno ambayo sitayaandika hapa, lakini wageni walikunywa na vikombe vikarudi vitupu. Faida haikupatikana. Nilifika shuleni wiki moja baada ya wenzangu, nikiwa na nusu ya karo na barua ya mama ya kuomba muda.

Muda mrefu niliona haya kulisimulia jambo hili. Hatimaye nilimwuliza mwalimu wetu wa Kemia, naye hakunicheka. Alinieleza kwamba tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zinjibaini, ambacho kazi yake ni kukata protini. Kikiingia katika maziwa yenye joto la wastani hukata protini zinazoyashikilia maziwa, nayo yakaganda. Kikichemshwa hufa, ndiyo maana chai ya tangawizi iliyopikwa vyema haina neno. Akaniuliza kama kwetu tunalainisha nyama kwa papai bichi. Nikamwambia ndiyo, bibi hufanya hivyo kila siku ya mshikaki. Akasema papai nalo lina kimeng'enya cha aina hiyo. Kahawa nyeusi haina protini ya kuganda, kwa hiyo siku zile nne za sifa zilinidanganya. Na alinichekesha aliposema kwamba huko Uchina, mkoa wa Guangdong, watu huyagandisha maziwa kwa maji ya tangawizi makusudi, wakala kwa kijiko kama kitamutamu. Nikawaza, laiti wageni wa arusi ile wangalikuwa wa Guangdong!

Kwa hiyo, ukitaka shira iwashe zaidi, ongeza tangawizi wakati wa kuchemsha: badala ya gramu mia tia mia na hamsini. Au tia tangawizi kavu iliyopondwa, maana tangawizi ikikauka huzidi ukali. Mbichi usiiguse.

Nilisema nitaieleza ndimu. Muhula wa pili nilimletea mwalimu mlezi wa chama chupa moja ya shira kama shukrani, maana ndiye aliyeninenea kwa mwalimu mkuu kuhusu ile karo. Shule yetu iko bara, kwenye miinuko, na Julai ya huku si ya Mombasa. Asubuhi mwalimu akaniita ofisini, akaigeuza chupa juu chini, hakikutoka kitu. Nusu ya shira ilikuwa imekuwa fuwele ngumu kama mawe ya chumvi. Siku ile nilipika bila ndimu kwa kuwa sokoni zilikuwa ghali. Nawe kumbuka nilivyosema, kwamba nusu lita ya maji hubeba kilo moja hivi ya sukari kwa joto la kawaida. Mombasa joto liko juu, sukari ikatulia. Bara baridi iliposhuka, maji yakashindwa na mzigo. Uchachu wa ndimu, ukichemshwa pamoja na sukari, huivunja sehemu ya sukari hiyo ikawa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na fruktosi. Sukari zikiwa za aina mbalimbali hazipangiki vizuri kuwa fuwele, ni kama watu wa vimo tofauti wanaojaribu kusimama mstari mmoja. Chupa ya mwalimu tuliiokoa kwa kuiweka katika maji ya uvuguvugu, tukayaongeza joto kidogo kidogo, na vijiko viwili vya maji ya moto ndani.

Ajabu nyingine niliyoiona huku ni hii. Shule yetu imezungukwa na mashamba ya kahawa. Asubuhi tunasikia wachumaji wakipita na vikapu. Lakini ukiingia nyumba yoyote ya jirani utakaribishwa chai! Kahawa karibu yote ya Kenya husafirishwa nje. Wamishonari Wafaransa ndio waliopanda mibuni ya mwanzo huko Bura, Taita, mwaka 1893, na tangu hapo mpaka leo mkulima wetu huijua mbuni kwa jembe na mkasi kuliko kwa kikombe. Siku ya Kiswahili tulipouza kahawa baridi yenye shira, mama mmoja mwenye mibuni mia mbili alikunywa glasi, akatazama chini ya glasi, akauliza: "Hii ndiyo ile yetu?" Akanunua nyingine akampelekea mumewe.

Ladha nyingine nimejaribu, nyingine nimeziacha. Mchaichai ni mzuri, uponde shina lake na ulichemshe dakika kumi. Maganda ya chungwa hufaa, lakini toa ile nyama nyeupe ya ndani maana ina uchungu, na kahawa ina uchungu wake wa kutosha. Vanila ya Uganda nilipewa kijiti kimoja na shangazi. Nilikipasua katikati, nikakitia shira ikishaipuliwa, nikakiacha humo usiku kucha. Ilikuwa tamu lakini vijiti vyake ni ghali. Marashi ya mawaridi bibi huyapenda katika halua. Katika kahawa, kwa maoni yangu, yananukia arusi, na mimi arusi zimenitosha.

Mwisho ni namna ya kuitumia. Pika kahawa nzito, gramu sitini hadi sabini za unga kwa lita ya maji, uiache ipoe. Katika glasi ya robo lita tia kijiko kikubwa kimoja cha shira, kahawa hadi nusu, maziwa baridi yaliyochemshwa, kisha barafu. Kijiko hicho kina sukari gramu kumi na tatu hivi. Lita moja na kidogo itakupa glasi sabini, wakati zamani kila mteja alijitilia vijiko vitatu na kuviacha vyote chini. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani husema sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isipite gramu hamsini kwa siku, kwa hiyo glasi mbili zinatosha, hasa kama ulikunywa chai asubuhi.

Kwa wenye kisukari shira haifai. Mama ana mteja mmoja, mzee wa miaka mingi, aliyekatazwa sukari na daktari. Yeye huja kabla ya vijana, hukaa penye ubao wa mwisho, na mama humpa kahawa yake tungu kutoka kwenye dele, iliyopikwa na tangawizi na iliki zile zile. Mwezi wa Aprili, nikiwa likizoni, aliona chupa zangu zimepangwa mezani zenye tarehe. Akaniuliza ni za nini. Nilipomweleza, akachukua kifuniko kimoja, akakinusa kwa muda mrefu, akanirudishia. Akasema inatosha, nimwongeze kahawa.